Gari Likiwa Bovu

"Pedali ilinitekenya mguu, Dada. Kama kuku uliyemkanyaga bawa," kijana alisema, kwa mara ya tatu asubuhi hiyo. "Nilikanyaga mpaka mwisho. Gari likakataa kusimama."

 Dada yake alikuwa chali chini ya pikapu, tochi mdomoni, mkono nyuma ya gurudumu la mbele. Mtaa mzima ulimwita Dada Spana, na kwa mambo ya breki hakuwa na mpinzani. Ndiyo maana familia mbili zilikuwa zimekaa kwenye mabenchi ya gereji yake, hazitazamani.

Jana yake pikapu hiyo ilishuka mteremko mrefu wa saruji nyumbani kwa kijana, ikamgonga mkewe akifungua geti. Wifi yake Dada Spana. Mpaka saa hiyo alikuwa hospitali, hajafumbua macho.

Baba wa mwanamke hakupiga kelele wala kumtukana mtu. Alisema neno moja tu, na wote wakakubali: "Fundi akague. Gari likiwa bovu, ni ajali, tunamwachia Mungu. Likiwa zima, naenda polisi."

"Fundi mwenyewe si dada yake?" shangazi mtu alinung'unika.

"Huyu alimwambia diwani mbele za watu kwamba gari lake ni jeneza lenye usukani," mzee alijibu. "Huyu namwamini."

Mama yao Dada Spana hakuona hata haja ya ukaguzi. "Taa ya njano hiyo hapo, inawaka! Hata mimi nisiyejua spana na kijiko naiona."

Kweli ilikuwa inawaka, taa ya ABS. Dada Spana alipoiona alipumua. Mdogo wake huyu alimbeba mgongoni yeye mwenyewe, alimfundisha kutembea kwenye sakafu ya gereji hii hii. Usiku kucha alikuwa anaomba kitu kimoja tu: nikute ubovu, jamani, nikute ubovu.

"Mimi si fundi, mwanangu," mzee alisema. "Lakini leo nimepita pale getini. Saruji nyeupe, hakuna alama ya tairi hata moja. Mtu akifunga breki kwa nguvu haachi alama?"

Dada Spana akatoka chini ya gari, akatoa hotuba yake. Kila mteja aliwahi kuisikia, na mdogo wake alizoea kuiigiza hapo gereji mpaka mafundi wakashika mbavu.

"Baba, kazi ya ABS ni kuzuia tairi zisijifunge. Inashika, inaachia, inashika, inaachia, upesi upesi. Hapo ndipo pedali inapokutekenya mguu, kama kuku uliyemkanyaga bawa. Tairi haziburuzwi, kwa hiyo haziandiki chini. ABS ikifa, breki zinabaki, ila ukikanyaga kwa nguvu tairi zinajifunga, zinaburuzwa, zinaandika."

"Sasa je!" Mama akapiga paja. "Si ndivyo alivyosema mtoto?"

"Na sensa ya kwenye gurudumu ikiwa chafu inaidanganya kompyuta," Dada Spana aliendelea. "Breki zinaachia wakati zinatakiwa kushika. Ndicho ninachotafuta."

Mzee aliinamisha kichwa. "Jana binti yangu alinipigia simu. Alisema, baba nakuja nyumbani, nina begi."

"Mtu kwenda kusalimia kwao nako ni kesi?" Mama alifoka. Kijana alikuwa anatazama viatu vyake.

Dada Spana alirudi kazini. Alizitoa sensa zote nne. Safi. Alifuata nyaya kwa vidole, hakuna uliokatika. Mafuta ya breki yalikuwa tele, pedi nene.  Akafungua kisanduku cha fyuzi, akahesabu na kidole, akarudia.

Nafasi moja ilikuwa tupu. Ya ABS.

Akapanda, akawasha, akalipeleka gari mpaka mwisho wa uwanja. Akarudi nalo mbio, akakanyaga kwa mguu wote. Pedali ilikuwa ngumu, kimya kabisa. Tairi zikapiga yowe, gari likasimama, na nyuma yake ikabaki mistari miwili myeusi kwenye saruji.

"Mnaona linavyoburuza?" Mama alikuwa anawaambia wakwe. "Mnaona kifo hicho?"

Dada Spana hakushuka. Alimpigia simu mjomba wao, mwenye gari, aliyemwazima kijana.

"Mjomba, fyuzi ya ABS iko wapi?"

"Aa, ile! Niliitoa mwezi uliopita, kabla sijampa mdogo wako gari. Ilikuwa inanisumbua mguu kwenye matope. Uzee huu, nikasahau hata kumwambia. Iangalie kwenye droo ya dashibodi, nimeifunga kwenye karatasi."

Akafungua droo. Karatasi ilikuwepo, fyuzi ndani yake.

Aliishika muda mrefu. Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke. Kisha akajifuta uso kwa mkono wa ovaroli, akashuka.

Mama alikuwa wa kwanza kusimama. "Sema, mwanangu. Gari bovu au zima?"

"Bovu. ABS imekufa tangu mwezi uliopita."

Mama akainua mikono juu, akamshukuru Mungu kwa sauti. Kijana akamwangukia dada yake begani, analia kwa kwikwi. "Ahsante, Dada. Ahsante."

Dada Spana alimtoa begani polepole, kama alivyokuwa akimtoa zamani akishalala. Akamgeukia mzee.

"Baba, twende polisi. ABS iliyokufa haitekenyi mguu, na angekanyaga breki tairi zingeandika pale getini."