Maziwa ya Paka

"Hajafa tu huyo?"

Sauti ilitoka dirishani. Wodi nzima ya watoto iligeuka. Wagiyem, jirani yake Tukinem, alikuwa amesimama nje kwenye jua, kashika nondo za dirisha, shingo kaivuta ili aone vizuri kitandani.

"Bado anapumua," Tukinem akajibu bila kuinua uso. Mkono wake ulikuwa kifuani mwa Waras, mtoto wa miezi mitano, na kifua chenyewe kilibonyea kila alipovuta pumzi. Homa ya mapafu. Mpira wa hewa ulikuwa umebandikwa puani kwa plasta pana kuliko shavu lake.

"Anapumua nini? Mtoto mbaya hivyo, kichwa kama boga! Ningekuwa mimi, ningeshamsahau zamani." Wagiyem akapenyeza kichupa kilichozungushiwa jani la mgomba. "Haya, maziwa hayo. Mpe paka wako."

Tukinem hakuwa na paka.

Nesi Endah, msichana wa mjini aliyehamishiwa pale mwezi uliopita, akamjia juu. "We mama, una roho ya namna gani? Toka! Nisikuone tena hapa!" Akamsindikiza kwa maneno mpaka getini, akarudi anahema. "Mama Waras, mwanamke yule unamvumiliaje?"

"Amezika watoto watatu, nesi. Hakuna aliyefikisha mwaka. Mwache aseme."

"Ndiyo aje kuwaombea wenzake msiba? Wivu tu huo!"

Tukinem akakifungua kichupa, akaanza kumpa mtoto kijiko kimoja kimoja, maana yeye mwenyewe maziwa hakuwa nayo.

Jamani, hospitali imejaa watu, lakini aliye peke yake hujijua. Wenzake walikuwa na waume wa kupokezana nao zamu, na mama wakwe wa kuwaletea wali wa moto. Tukinem, mjane wa miaka arobaini na mitatu, alikuwa na mkeka. Akitaka kwenda msalani, alimwomba mama wa kitanda cha pili amtazamie mtoto, akaenda mbio, akarudi mbio. Siku zikapita hana wa kuzungumza naye ila mtoto. "Vuta, mwanangu. Vuta tena. Hivyo hivyo."

Na kila siku, kwenye saa nne, Wagiyem alikuwa nje ya uzio. "Bado tu?" alipaza sauti, na kichupa kikaingia kwa mkono wa mlinzi. Kilomita kumi na mbili kwa miguu, kuja kutukana! Mungu atusamehe sisi binadamu.

Siku ya kumi mpira ulitolewa. Waras akapiga chafya, akaishangaa chafya yake mwenyewe, akacheka. Tukinem alilia kwa kwikwi mpaka daktari akaja mbio akidhani kumeharibika.

"Amepona, mama. Mpeleke nyumbani."

Walirudi kijijini, juu mlimani kwenye mashamba ya tumbaku. Mtoto akanenepa. Akaota meno mawili. Akajua kukaa, akajua na kumvuta Tukinem nywele kila alipoinama kuanika majani. Wagiyem naye hakuchoka: asubuhi kwa asubuhi yuko uani na kichupa chake na tusi jipya, leo macho ya chura, kesho masikio ya popo. Majirani, ajabu, hakuna hata mmoja aliyemkemea. Waliinamia tumbaku yao.

Kila Waras alipoongeza uzito, Tukinem alifurahi, na usiku alihesabu kwa vidole miezi iliyobaki. Hakumwambia mtu. Amwambie nani?

Miezi minane ikatimia, ikafika siku ya kumkanyagisha mtoto ardhi kwa mara ya kwanza. Akishaikanyaga, wazee husema, huyo sasa ni wa watu. Kifo hakina tena haraka naye. Tukinem alifagia uwanja, akapika wali wa manjano, akamwogesha Waras kwa maji ya maua. Kisha akachelewa. Watu wanangoja nje, yeye yuko ndani amemlaza mapajani, anambusu nyayo, moja baada ya nyingine, laini bado, hazijagusa hata vumbi.

Kijiji kizima kilikuwepo. Wagiyem alikuja na mumewe, kavaa nguo yake ya harusi, na siku hiyo hakuwa na tusi mdomoni.

Mzee Darmo, mkuu wa kijiji, akampokea mtoto, akamsimamisha juu ya udongo. Halafu akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, kama desturi inavyotaka: "Huyu ni mtoto wa nani?"

Watu wote wakamtazama Tukinem.

"Si wangu," akasema. "Nilimwokota jalalani, siku kitovu chake kilipoanguka."

"Ni wangu mimi!" Wagiyem akaangua kilio. "Nilimtupa ili kifo kidhani simtaki. Mwanangu mzuri, njoo. Njoo kwa mama."

Waras akageuka, akamnyooshea Tukinem mikono. Tukinem akaificha yake nyuma ya mgongo.