Lebo ya Mkiani

Kabla kompyuta hazijazaliwa, Mama Ngiri alikuwa akilinda shimo walimolala watoto wa wanyama wala majani, na watoto wenyewe hawakumpa hata lepe la usingizi. Tumbili, mkubwa wake, aliweka sheria: kila mgeni avae lebo mkiani, na aliyeandikwa "mla majani" aingie.

Siku moja Fisi akafika, akainua mkia. "Soma, mama. Mla majani."

"Naona." Macho yake yalikuwa mazito. Akapiga miayo mirefu hadi taya zikalia.

Miayo huambukiza. Fisi naye akaachama, meno yote yakaonekana, na kipande cha ngozi ya mbuzi katikati yake.

Mama Ngiri akarudi kinyumenyume, akaliziba shimo kwa makalio.

Tumbili akaja mbio. "Lebo yake ilikuwa sahihi! Umemzuia kwa nini?"

"Lebo ni sahihi, bwana mkubwa. Meno ndiyo hayajaisoma. Sasa niache nisinzie."

Tangu hapo kila mgeni hupiga miayo kwanza. Na faili likija na mkia wa jina lake ulioandikwa "picha", kompyuta yenye akili hulifungua kinywa, ikakagua meno, yaani yaliyomo ndani, ndipo ikaamini.