Majibu ya Damu ya Paskazia

Kabla ya alfajiri nilisikia meno yakivunja kitu kikavu. Alikuwa Paskazia, mjukuu wangu mjamzito, akitafuna udongo ninaomnunulia sokoni ili kichefuchefu kitulie.

Asubuhi, kliniki, muuguzi aliyakazia macho majibu ya damu. "Madini ya chuma yako chini, vitamini nazo chini. Vidonge anameza kweli?"

"Anameza. Dagaa anakula, mchicha anakula," nikasema.

"Hakuna kingine, bibi? Kwa damu hii anaweza kutufia akijifungua."

Paskazia aliinamisha uso, asinitaje. Vumbi lilikuwa bado midomoni mwake.

"Udongo," nikasema. "Namnunulia mimi."

Muuguzi hakunigombeza. Alimfuta midomo kwa kidole gumba. "Udongo ndio unaozuia chuma, bibi. Aache leo. Ila msinikimbie kwa aibu. Jumatatu mje tena, nawaomba."