Gando Lililotangulia Nyumbani

Zama zile samaki walipokuwa bado wakisalimiana, Kaa mmoja mwenye hasira aling'olewa gando na Nyangumi aliyekuwa akipita karibu na mwamba.

Mkewe akamsihi, "Lala shimoni, mume wangu, ujivue gamba. Gando litaota tena, ndivyo tulivyoumbwa."

"Nalitaka lile lile," Kaa akajibu, "na roho ya Nyangumi juu yake."

Akampanda Kasa mgongoni, wakashika njia ya kilindini. Kasa alikuwa mtiifu, ila kila upepo wa pwani ulipovuma aliukumbuka mchanga alikozaliwa.

"Turudi, bwana. Hata wewe humwita mkeo usingizini."

"Tukishampata," Kaa alisema, bila kugeuka nyuma.

Miaka ikapita. Hatimaye wakamkuta Nyangumi amejilaza juu ya maji. Kaa akainua gando lililobaki. "Nirudishie changu, mwizi wee, kisha tupigane!"

Nyangumi akafumbua jicho. "Kumbe ni wewe? Lilinikwama mdomoni, likanikera. Kesho yake nililirudisha, nikakuta umeshaondoka, nikaliweka mlangoni pako. Mkeo akadhani nimekuua, na ndilo lililosalia la mwili wako. Akalizika, akakaa eda mpaka ikaisha."

Gando la Kaa likashuka. "Lakini mimi ni mzima!"

"Nakuona," Nyangumi akasema kwa huruma. "Mkeo ndiye hajui."

Kasa hakungoja kuambiwa, akageuka kuelekea pwani. Kwa mara ya kwanza Kaa akamsihi aende mbio, lakini Kasa alikuwa ameshazeeka.