Shabiki Mwaminifu wa Damp Lanterns

Itangazwe kwa wote wenye masikio: Damp Lanterns, bendi kubwa ya roki kuliko zote mjini Grimsby, Uingereza, bado ipo hai! Ila imebaki na mtu mmoja, mpiga ngoma Desmond, naye yuko jikoni kwake, kaweka simu mezani, kabana pua, anaongea na redio ya mji.

"Mjukuu wangu, nipigie ule wimbo wa Damp Lanterns," alisema kwa sauti ya kibibi. "Unanipoza magoti."

"Bibi Mavis! Wiki hii tena?" mtangazaji alicheka hewani. "Haya, usikate simu, tusikilize wote."

Wimbo ukaanza. Gitaa lilikuwa la yule mwenzake aliyehamia mji wa Leeds; sauti, ya yule aliyeacha kupokea simu zake. Vidole vya Desmond vikaiachia pua, vikaokota vijiko viwili na kuanza kugonga birika la chai, pigo kwa pigo, hata lile pigo alilochelewa siku ya kurekodi.

Wimbo ulipoisha, mtangazaji alirudi hewani.

"Bibi, hata lile kosa umeligonga?"

Desmond aliviweka vijiko mezani.

"Si bibi, kaka," alisema kwa sauti yake mwenyewe. "Ni mpiga ngoma wao. Nilidhani labda wenzangu wanasikiliza."