Nusu Milimita

Dumu lilikuwa limelazwa ubavu juu ya meza ya Damari tangu saa mbili asubuhi, na halikuwa limevuja hata tone. Hapo ndipo penye tatizo. Madumu halali ya kiwanda chao pale Mandewa, ukiyalaza hivyo, yanavuja.

Chirag, mwenye kiwanda, alilinunua jana stendi ya Kiomboi. Lebo ilikuwa yake, rangi ilikuwa yake, ila mafuta ya alizeti yaliyokuwa ndani hayakuwa yake.

"Kuna mtu humu ndani amenitengenezea kalibu ya pili," alisema. "Pima, uniambie ni nani."

Damari ndiye aliyekuwa akichora kwenye kompyuta mdomo wa dumu na kifuniko chake, vipande viwili vya plastiki ambavyo sharti vikubaliane. Mzee Melkiori ndiye aliyekuwa akichonga kalibu za chuma za kumiminia plastiki hiyo.

Damari alikipima kifuniko cha dumu lile bandia mara moja tu, wala hakurudia. Nyuzi za kufungia zilikuwa zilezile, unene uleule. Tofauti ilikuwa moja: pete ya ndani ilikuwa fupi kwa nusu milimita, ndiyo maana kilikaza mpaka mwisho.

Nusu milimita hiyo mzee Melkiori alikuwa ameiimba mwaka mzima. Kwenye chai, kwenye mashine, hata mbele ya bosi: punguza pete, mwanangu, kifuniko kitakaa. Damari alikuwa akimwonyesha skrini kwamba vipande vinakubaliana, na kiwanda kizima kinacheka. Yeye ana diploma, mzee ana tupa ya kusugulia chuma. Nani amsikilize nani?

Mzee aliitwa.

"Shikamoo mzee," Damari alisema, macho kwenye skrini.

"Marahaba, mwanangu."

Chirag alimpa kifuniko. "Pete imepunguzwa nusu milimita. Nani alikuwa anataka ipunguzwe?"

Mzee alipitisha kidole gumba ndani. Alikifunga kwenye dumu, akaligeuza kichwa chini, akangoja. Tone halikutoka.

"Mimi," alisema. "Wote hapa wanajua ni mimi. Lakini kalibu hii sikuichonga, bosi."

"Damari?"

Miaka ishirini na sita ya mzee kiwandani, na miezi miwili iliyobaki astaafu kwa heshima, vyote vilikuwa vinangoja neno la Damari. Alijitafuta moyoni, hakukuta kitu. Si hofu, si huruma. Ganzi tu, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Simu yake ilitetemeka mezani, namba isiyo na jina. Akaigeuza kifudifudi.

"Kwenye kompyuta hii hakuna mchoro wenye kipimo hicho," alisema. Ilikuwa kweli, kwa kompyuta hii. "Kipimo ni cha mzee."

Chirag hakufoka. Ingekuwa nafuu kama angefoka.

"Acha funguo, mzee. Ukiondoka leo kimya kimya, polisi siwaiti." Akatoka kwenda kumwambia mlinzi afungue geti.

Wakabaki wawili. Damari alisubiri atukanwe. Mzee alitoa funguo za karakana mfukoni, akaziweka juu ya meza taratibu, moja baada ya nyingine. Kisha akakichukua tena kile kifuniko, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakitazama kwa muda mrefu. Uso wake ukalegea, karibu atabasamu.

"Kumbe ulikuwa unanisikia, mwanangu," alisema.