Mahali Panapouma

Gongo la hoki ya barafu lilimshukia Orest Prokopchuk palepale tena, kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, na refa akajifanya anatazama saa.

Orest hakuanguka. Alimgeukia Réjean Cormier aliyempiga, ambaye wakati mmoja walichezea klabu moja, akacheka.

"Piga kiume, bwana. Mama yangu anapiga mbu kwa nguvu kuliko hivyo."

"Mechi bado mbichi, mzee," Cormier alisema.

Ilikuwa mechi ya mwisho ya mchujo, na ukumbi wa Saskatoon, Kanada, ulikuwa umejaa pomoni. Bundi wa nyumbani, timu ya Orest, na Nyati wa mashariki, timu ya Cormier, walikuwa sare. Atakayeshinda anaendelea, atakayeshindwa anakwenda likizo kucheza gofu.

Kwenye benchi alikuwa akimsubiri Murray Tisdale, kocha wa Bundi na meneja wao pia.

"Kaa chini, Orest. Mkono huo umekwisha."

"Nani kasema?"

"Acha ukaidi. Kubali kuwekwa kwenye orodha ya majeruhi. Utalipwa mpaka mkataba uishe, umekaa zako nyumbani unakula perogi za Lorna."

"Perogi za mke wangu nazila hata nikicheza. Zamu yangu hiyo." Akaruka ukuta mfupi wa pembeni, akarudi barafuni.

Orodha hiyo ndiyo iliyowagombanisha. Ligi imeweka kikomo cha mishahara, lakini majeruhi wa muda mrefu hahesabiwi, na klabu inaweza kununua mwingine mahali pake. Tisdale alikuwa ameshampenda beki mmoja kijana huko Uswidi. Kwanza alijaribu kumuuza Orest, akakuta mkataba unasema haendi popote bila ridhaa yake, na Orest ridhaa hana. Alizaliwa shambani, si mbali na ukumbi ule. Alikuwa ameapa kwamba viatu vyake vya barafu atavitundika hapohapo, siku atakayochagua mwenyewe. Basi kikabaki kitu kimoja tu cha kumtoa, nacho ni mwili wake.

Katika hoki maumivu ni siri. Waandishi wa habari huambiwa "sehemu ya juu ya mwili" au "sehemu ya chini", basi, kwa sababu mpinzani akijua panapouma ndipo atakapopiga. Mwaka jana mbavu za Orest zilipata ufa. Klabu nzima walijua watu watatu tu: kocha, nahodha na mkandaji. Hata hivyo Nyati walizikuta mbavu hizo mara moja, wakazimaliza. Orest alilala kwenye kiti majira yote ya joto, maana kitandani hakuweza, na kilichomrudisha barafuni ni hasira tupu.

Asubuhi ya mechi hii Tisdale alikuwa amemwita ofisini, akafunga mlango.

"Nakuona unashika gongo vibaya. Niambie mimi tu. Wapi panauma?"

Orest akatazama chini. "Kifundo cha kushoto. Nadhani mfupa umepasuka. Usimwambie mtu, kocha. Nakuomba."

"Naenda nayo kaburini," Tisdale alisema, akamshika bega.

Wakati wa mapumziko ya mwisho, mtu angemtazama Orest chumbani angemhurumia. Wally, mkandaji wa timu, alikuja kimyakimya na mfuko wa barafu, akamwekea gotini bila kuulizwa. Brodie, nahodha, alipiga magoti mbele yake akamkazia kamba za viatu. "Usiiname, kaka," alimnong'oneza. Mkono wa kushoto Orest aliuacha ndani ya glavu, hakuutoa hata kunywa maji.

"Babu," golikipa alimtania, "ungekuwa farasi tungeshakupiga risasi."

"Ningekuwa farasi, wewe ungekuwa mavi yangu," Orest alimjibu, na chumba kizima kikacheka, isipokuwa Tisdale, aliyekuwa mlangoni akiitazama ile glavu.

Kipindi cha mwisho Nyati hawakuficha tena. Kila Orest alipogusa kisahani cheusi, ambacho kwenye hoki hii ndicho mpira, gongo lilishuka kwenye kifundo, na mashabiki wakaguna. Naye kila mara aliinuka, akakitafuta kisahani tena. Zikiwa zimebaki dakika chache, Cormier aliinua gongo juu mno ili ampige vizuri. Orest akampita ubavuni, akampasia Brodie, na Brodie akafunga.

Mchujo unapoisha, desturi haina mjadala: waliopigana wote hupanga mistari miwili barafuni na kupeana mikono, makocha nyuma ya wachezaji wao. Orest alisubiri akawa wa mwisho, Tisdale akimfuata nyuma.

Alipomfikia Cormier alivua glavu ya kushoto. Kipande cha kinga ngumu ya ugoko, kilichokatwa kwa msumeno na kufungwa kwa utepe, kilidondoka kutoka ndani. Akautoa mkono huo, akamminya mwenzake vidole mpaka Cormier akasimama kwa ncha za viatu.

"Huo mkono..." Cormier aliutazama. Haukuwa na hata alama. "Tuliambiwa umepasuka."

"Na nani?"

Macho ya Cormier yalipita begani kwa Orest, yakatua nyuma yake, kisha akayainamisha.

Orest akageuka.

"Wally nilimwambia ni goti," alimwambia Tisdale. "Brodie nilimwambia ni mgongo."

Kisha akainama, mgongo umekunjika bila shida, akaokota glavu yake kwa mkono wa kushoto, akateleza kwenda kwa wenzake kwa mwendo wa kijana.